Sikutaja Jina

Edita mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Uko Kibaoni unamuaga bibi yako, na bila shaka amekukalisha mbele ya sahani ya wali na kambale, hakuachii mpaka umalize. Begi lako liko mlangoni. Mimi niko barazani, cherehani nimeifunika, na jua bado liko juu ya paa la duka la ng'ambo ya barabara. Ningeweza kukusubiri nikuambie haya kwa mdomo, ila najijua. Ukishakaa mbele yangu nitaanza kukuuliza kama umefunga chandarua, na mazungumzo yetu yataishia kwenye chandarua.

Mambo hayo, chandarua na nauli na namba ya shangazi yako wa Mbeya, nimeyaandika kwenye karatasi nyingine. Humu nataka kukueleza habari ya Mama Shafii. Nusu yake unaijua. Nusu nyingine nimekuficha mwaka mzima kwa sababu ya aibu, na sitaki uende kusomea uuguzi bila kuijua, maana kazi unayoiendea ni kazi ya kuambiwa mambo.

Unakumbuka baraza hili lilivyokuwa ulipokuwa shule ya msingi. Benchi halikukaa tupu. Mwanamke alileta kitenge chake asubuhi, nguo ikaisha mchana, yeye akaondoka jioni. Walichambua mchicha hapa, walinyonyesha hapa, na msiba wowote wa mtaa huu ulijulikana hapa kabla haujatangazwa kanisani au msikitini. Wala sikuwa fundi wa kutisha. Mafundi wa sokoni walinishinda, hasa kwenye magauni ya harusi. Watu walikuja kwangu kwa sababu nilijua kusikiliza huku mguu unakanyaga. Cherehani ina faida hiyo: mtu anakuambia neno zito na hulazimiki kumtazama usoni.

Mama Shafii alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Duka la mumewe liko pale mbele, hatua ishirini, na watu walikuwa wakitutania kwamba yeye ameolewa na Baba Shafii ila anaishi kwangu. Wao kwa asili ni watu wa pwani na sisi ni Wapogoro wa Mahenge, lakini tambi zake za Ramadhani ulizila hata kabla hujaota meno, na nilipolazwa kwa ajili ya upasuaji ni mgongo wake uliokulea wiki tatu. Kwa umri ni kama dada yangu mkubwa. Mpaka leo namwamkia shikamoo.

Shafii alipopata kazi Dar es Salaam alimletea mama yake simu kubwa ya kupangusa. Siku hiyo hiyo akaja nayo hapa. "Mama Edita, nisomee hii. Miwani yangu imevunjika." Nikamsomea, nikamwandikia majibu. Wiki iliyofuata miwani ilikuwa bado imevunjika. Baada ya mwezi nikawa nimeelewa kwamba miwani haijawahi kuwepo, naye akajua kwamba nimeelewa, na hatukulisema hilo. Alikaa tu karibu yangu zaidi na kusema, "Haya, macho yangu, leo wamesemaje?"

Siku moja ikaja meseji kutoka namba ngeni. Niliianza kwa sauti kama kawaida, nikafika katikati, nikaimalizia kwa kunong'ona. Iliandikwa na binti aliyesema amemtafuta mama yake miaka mingi na sasa amepata namba. Mama Shafii aliangalia kwanza kama kuna mtu barabarani. Kisha akaniambia. Alizaa binti akiwa hajaolewa, yeye mwenyewe bado mtoto, na yule mtoto akalelewa na ndugu wa bibi yake ng'ambo ya mto, Lupiro. Baba Shafii hakuwa anajua. Niliapa kwa Bikira Maria kwamba halitatoka kinywani mwangu, na jambo linaloniuma ni kwamba hakuniomba niape. Hakuona haja.

Kwa muda wa kama nusu mwaka nikawa macho yake na mkono wake. Binti aliandika, nikasoma. Mama alisema, nikaandika.

Wakati huo huo ukurasa wangu wa mtandaoni ulikuwa unakua. Wewe ndiye uliyenifungulia, ili watu waone magauni. Usijilaumu kwa hilo hata siku moja. Video za magauni zilitazamwa na watu tisa, na wawili ni mimi na wewe. Kisha siku moja, nikiwa napinda suruali, nikasimulia kisa cha mwanamke aliyegundua kwamba mumewe ana mke na mji mwingine Mlimba. Sikutaja jina. Asubuhi simu ilikuwa inatetemeka juu ya meza kama kuku aliyechinjwa. Watu wa Mwanza, watu wa Tanga, Watanzania walioko Uarabuni, wote wananiita mama yetu, wote wanauliza ikawaje.

Edita, sijawahi kuitwa na watu wengi hivyo. Nilizaliwa mtoto wa saba, nikaishia darasa la saba, nikaachwa na baba yako bila hata kuniaga, na sasa mtu asiyenijua ananiandikia kwamba hawezi kulala mpaka asikie sauti yangu. Nakuambia ili uelewe kwamba mwanzoni haikuwa fedha. Fedha ilikuja baadaye, zile zawadi wanazokutupia ukiwa laivu, na yule mfanyabiashara wa mafuta ya nywele aliyenilipa nimtaje kila nikianza. Na fedha ilipokuja ilikuwa na masharti ambayo hakuna aliyenisomea. Nikieleza jinsi ya kukata kola, kimya. Nikieleza jinsi ya kuokoa kitambaa, kimya. Kilicholipa ni machozi ya mtu, na yakiwa ya jana yalilipa kuliko ya mwaka juzi.

Basi benchi likawa ghala langu. Mwanamke analia hapa, mkono wangu uko begani kwake, kweli namhurumia, na huku kichwani natafuta nianzie wapi. Walianza kuhisi. Mmoja alisikia ugomvi wake na mawifi zake, mwingine alisikia ugonjwa wake. Hawakunigombeza. Walianza tu kusema, "Nipime niende, nimeacha mboga jikoni." Nami sikuona kwamba benchi linapungua, kwa sababu jioni nilikuwa na maelfu.

Na wewe. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka ulinifuata jikoni, ukaniambia hesabu imekuangusha na kwamba ulizunguka stendi saa nzima kwa kuogopa kurudi nyumbani. Nilikukumbatia, na lile lilikuwa kumbatio la kweli. Kesho yake nikakisimulia kisa chako kwenye ukurasa. "Binti mmoja ninayemfahamu," ndivyo nilivyosema. Wenzako walijua ni nani kabla sijamaliza. Tangu hapo nikikuuliza habari za kutwa unanijibu "Nzuri," nikikuuliza umelalaje unanijibu "Salama." Nilijiambia ni ujana.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa wiki ya mvua, wateja hakuna, na watazamaji walikuwa wanashuka. Kwenye maoni walikuwa wanasema visa vyangu vimechuja. Nilikaa hapa hapa nilipokaa sasa nikaamua kusimulia habari ya Mama Shafii, na nikaipanga vizuri kabisa asijulikane. Nikamfanya mjane. Nikamhamishia Singida. Nikampa watoto sita. Lakini kulikuwa na meseji moja ya yule binti ambayo sikuweza kuibadilisha kwa sababu ilikuwa nzuri mno, na niliikumbuka neno kwa neno. Nikaisoma kama ilivyo: "Mama, kwenye picha yako umeziba mdomo kwa mtandio. Mimi pia nikicheka naziba mdomo, na watu huniuliza nani alinifundisha. Sikuwa na la kuwajibu mpaka leo."

Nani katika mtaa huu hajui namna Mama Shafii anavyocheka?

Ulirudi kutoka kisimani ukanikuta naisikiliza tena video, ndoo bado iko kichwani, ukaniuliza, "Mama, yule si Mama Shafii?"

Nikasema, "Sikutaja jina."

Ukasema, "Hata mimi hukunitaja."

Ukaingia ndani. Nilikasirika, mwanangu. Nilikuona huna adabu. Na nikarudi kwenye simu kutazama imefika wapi.

Hapo ndipo mwisho wa ile nusu unayoijua.

Kesho yake asubuhi Mama Shafii alikuja na simu yake. Alikuwa hajasikia chochote, maana yeye hayuko kwenye mambo ya kurasa. Alikaa, akaweka sawa mtandio, akanipa simu. "Macho yangu, kuna meseji imeingia alfajiri. Nisomee."

Ilikuwa ya binti. Iliandikwa hivi, na hii naijua kwa moyo kama sala: "Maneno niliyokuandikia wewe peke yako nimeyasikia yakisomwa na mtu nisiyemjua, na watu chini yake wanacheka. Kama ndivyo unavyonipokea, usinitafute tena."

Nilikuwa na simu mkononi, naye ananitazama mdomo, anasubiri. Ningeisoma, angejua yote palepale, kutoka kwangu, na huenda tungelia pamoja na huenda angenipiga. Badala yake nikasema, "Anasema ana shughuli nyingi siku hizi. Ukimya wake usikutie wasiwasi. Anakusalimia sana."

Akasema, "Alhamdulillahi." Akataka nimjibu. Alisema maneno mengi ya baraka, nami nikajifanya nayaandika, kidole kinapapasa kioo, siandiki kitu. Kisha nikaifuta ile meseji. Niliifuta kwenye simu ya mtu asiyejua kusoma, Edita.

Siku ya tatu Baba Shafii alivuka barabara. Unajua alivyo mtaratibu. Alisimama pale kwenye ngazi, hakupanda.

"Mama Edita, mimi nimeishi na mke wangu tangu duka hili likiwa meza. Jambo lake nimeambiwa na mteja aliyekuja kununua sabuni. Ananionyesha kwenye simu, anacheka, hajui anayemcheka ni mke wangu."

Nikasema, "Baba Shafii, mimi sikutaja..."

"Mtoto ningempokea," akasema. "Mwanamke kuzaa kabla ya mimi si dhambi yangu wala yako. Lakini kuambiwa dukani, nimeshika mizani!" Akageuka kutazama duka lake. "Au mlishauriana mkaona mimi siambiliki?"

Alirudi dukani kwake. Nami, kabla miguu yake haijafika upande wa pili, nikaichukua simu kuangalia watazamaji. Walikuwa wameongezeka. Nikaiacha video siku nne zaidi. Nilipoifuta ilikuwa imeshanakiliwa na wengine, mmoja ameiwekea muziki. Bado iko huko. Ukurasa niliufunga mwezi uliofuata, nawe ulidhani nimefunga kwa sababu ya kujuta. Nilifunga kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa akinieleza kitu tena, na sikuwa na cha kusimulia.

Na sehemu ya ada yako imetoka kwenye video ile. Sisemi ili ikukere. Nasema kwa sababu ungeweza kuja kuambiwa na mtu mwingine.

Mama Shafii alikwenda kwa dada yake Kisawasawa. Watu walisema ameachika, lakini hakuachwa. Alisema tu kwamba hawezi kukaa mbele ya baraza hili. Miezi ikapita, mpunga ukaiva, nikajipa moyo nikamfuata. Nitakuambia nilichokuwa nafanya njiani, ingawa kuandika tu kunanichoma. Nilikuwa napanga nitakavyosimulia. Ukurasa sina tena, nakwenda kuomba msamaha kwa mtu niliyemvunja, na kichwani kuna sauti yangu inasema, "Wapendwa, leo nawaletea kisa cha jinsi nilivyomwangukia miguuni." Nilipotambua, nilitamani kushuka kwenye basi nirudi. Sikushuka kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha.

Nilimkuta anaanika mpunga kwenye turubai chini ya mlima, mvua imekatika, anaugeuza kwa miguu.

"Shikamoo, Mama Shafii."

"Marahaba. Karibu."

Alinipa kigoda. Akaniletea maji. Akarudi kwenye mpunga akageuza mstari mzima, kisha akaja akakaa mbele yangu. Nilipofungua mdomo akanyanyua mkono.

"Umeizima?"

"Nini?"

"Simu."

Haikuwa inarekodi, nakuapia. Lakini ilikuwa inawaka, imo mkobani. Niliitoa, nikaizima mbele yake, na yule mama asiyejua herufi hata moja akaikodolea macho mpaka kioo kikawa cheusi. Ndipo akasema, "Haya. Sema."

Nilisema. Aliacha niseme mpaka nikaishiwa. Hakunijibu kuhusu video hata kidogo. Aliniuliza kitu kingine.

"Yale niliyokuwa nakuambia umwandikie. Ulikuwa unaandika kama ninavyosema?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mimi. Nikamwambia kweli: mwanzoni niliandika yote, baadaye wateja walipokuwa wananisubiri, au simu yangu inapolia, nilifupisha. Ile siku aliyoeleza kwa nini alimwacha mtoto, alieleza kwa muda mrefu, akasimama, akaanza tena, kahawa ikapoa. Mimi niliandika: "Nilikuwa na matatizo. Nisamehe."

Akafumba macho.

Nikamwambia na ya meseji ya mwisho. Nikamsomea kwa kichwa, neno kwa neno, maana nilikwambia naijua.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Ulipokuwa unasoma kweli ulikuwa unakwama. Unasita kwenye maneno, unarudia. Siku ile hukukwama hata mara moja."

Kuku waliingia kwenye mpunga akawafukuza. Nikamwambia nipe nafasi ya mwisho, nitamwandikia binti barua nzima, kwa kalamu, nimweleze kwamba kosa ni langu, au twende wote Lupiro nikamwambie uso kwa uso.

"Hapana," akasema. "Kuandika ndiko kulikonifanya nikuhitaji wewe. Kuongea mdomo ninao. Nitakwenda mwenyewe."

Alinifungia kilo chache za mchele mpya, kwa kuwa nimefika kwake na mgeni haondoki mikono mitupu. Nilibeba mchele ule kama nabeba mawe. Na ndio niliokupikia Jumapili ile ukaniuliza mbona siuonji.

Ndiyo hayo. Sijui nikupe ushauri gani, mimi niliyeyafanya. Wagonjwa watakueleza mambo ambayo hawajawaeleza wake zao. Watakueleza kwa sababu umewashika mkono na una sauti nzuri, na hakuna atakayekuapisha. Utaona jinsi ilivyo tamu kuaminiwa. Mimi utamu ule nilidhani ni mali yangu.

Kuhusu kumbatio la jikoni, naomba unisamehe. Silikumbushi ili unijibu. Ukiwa huko ukaendelea kuniambia "Nzuri" na "Salama," nitapokea hizo hizo, sitakupekua. Ikitokea siku umechoka kubeba jambo na ukaona mama yako anafaa, nitalisikia na litakaa. Ikitokea ukaona hafai, tafuta mwingine, na mimi sitamwonea wivu. Nitamwonea kidogo.

Mama Shafii alivuka mto baada ya mavuno. Alikaa huko wiki mbili. Aliporudi, Baba Shafii alimfuata mwenyewe Kisawasawa, wakafungua duka pamoja kesho yake kama watu waliokuwa safarini. Mimi ananiitikia salamu yangu, basi. Gauni lake la Idi limeshonwa na fundi mwingine, mkono wa kushoto umekaa vibaya, na sina haki ya kusema.

Kule Lupiro walisemezana nini sijui. Mtaa mzima unanijia kuniuliza mimi, kana kwamba bado nina habari. Lakini wiki iliyopita, wewe ukiwa sokoni, nilimwona dukani kwao msichana mgeni anapima sukari, na Mama Shafii amesimama nyuma yake anamwelekeza. Huenda ni mfanyakazi. Huenda siye. Nilinyanyuka nikaigeuza cherehani na kiti changu, nikawapa mgongo, nikashona nimeelekea ukutani mpaka walipofunga. Mteja akaniuliza kwa nini nimekaa hivyo. Nikamwambia mwanga ni mzuri upande huu.

Haukuwa mzuri. Ile nguo niliifumua yote.

Mama yako